Injini za Kupangia Mabehewa: Historia ya Aina ya 80 ya Ujerumani na Funzo Lake kwa Usanifishaji



Katika toleo hili tumeona vema kutoka kidogo nje ya sarufi na fasihi, twende hadi kwenye reli za Ujerumani. Huenda mkauliza: idara ya Kiswahili na injini za mvuke wapi na wapi? Jibu letu linaanzia darasani.

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi kifungu cha Kifaransa kuhusu historia ya reli. Ndani yake mlikuwa na maneno matatu tu yaliyotutesa: locomotive de manœuvre. Mwanafunzi mmoja aliandika "injini ya mazoezi ya kijeshi". Mwingine aliandika "injini ya hila". Hatukuwacheka. Wengi wa wanafunzi wetu hawajawahi kupanda garimoshi, na mizigo inayofika bandarini Bujumbura kutoka Kigoma huifikia macho yao ikiwa tayari melini. Kamusi tulizokuwa nazo mezani hazikutuokoa. Ndipo tulipoamua kutafuta kwanza kitu chenyewe ni nini, kilitoka wapi na kilifanya kazi gani, kabla ya kukitafutia jina. Katika kutafuta huko tulikutana na habari ambayo tunaamini kila mwalimu wa lugha sanifu anapaswa kuisikia.

Kazi ya kupanga mabehewa

Garimoshi likifika mwisho wa safari, kazi haijaisha. Mabehewa ya abiria hupelekwa kusafishwa. Mabehewa ya mizigo hutenganishwa: haya yaende bandarini, yale kiwandani, mengine yaungwe kwenye msafara unaokwenda mji mwingine. Injini kubwa iliyoleta msafara haifai kwa kazi hiyo. Inahitajika injini fupi, yenye nguvu ya kuanza kuvuta kwa ghafla, na inayoweza kwenda mbele na kurudi nyuma mara mia kwa siku bila kugeuzwa.

Wajerumani huiita kazi hiyo Rangieren. Neno hilo walilichukua kwa Wafaransa, kutokana na ranger, yaani kupanga. Kumbe basi Kiswahili tukisema "kupanga mabehewa" tumekaribia sana maana ya asili, hata kuliko Wafaransa wa leo wanaosema manœuvre.

Injini za kazi hiyo kwa kawaida hazikuwa na gari la pili la kubebea maji na makaa ya mawe. Maji yalikuwa katika matangi yaliyofungwa kwenye injini yenyewe, na makaa katika sanduku la nyuma ya dereva. Uzito wa maji na makaa uliyakandamiza magurudumu yaishike reli vizuri, na dereva aliweza kuona nyuma bila kuzuiwa. Hapa pana mtego kwa wafasiri. Gari lile la pili huitwa tender kwa Kiingereza, na Wajerumani nao hulitumia neno hilo. Lakini Mjerumani akisema Tenderlokomotive anakusudia injini isiyo na gari la pili, ile inayobeba kila kitu juu yake. Anayetafsiri kwa kufananisha sura za maneno atasema kinyume kabisa cha kilichoandikwa.

Reli nyingi, injini za kila namna

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani haikuwa na shirika moja la reli. Prussia ilikuwa na reli zake, Bavaria zake, Saxony zake, na vivyo hivyo Württemberg, Baden, Mecklenburg na Oldenburg. Kila dola ilikuwa na wahandisi wake, michoro yake na mazoea yake.

Prussia, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikwisha kuanza kusanifisha injini zake tangu karne ya 19. Injini ndogo iliyoitwa T 3, yenye ekseli tatu, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1882 kwa kufuata mchoro mmoja uliokubaliwa, na reli za dola ya Prussia peke yake zilipata zaidi ya 1,300. Viwanda na reli ndogo za watu binafsi navyo viliagiza za namna hiyo. Baadaye ikafuata T 13 yenye ekseli nne, na kuanzia mwaka 1913 T 16.1 yenye ekseli tano, ambayo hadi mwaka 1924 zilikuwa zimejengwa 1,236.

Mwezi Novemba 1918 Ujerumani ilishindwa vitani. Mkataba wa kusimamisha vita ulidai ikabidhi injini 5,000 na mabehewa 150,000. Zilizobaki nyingi zilikuwa zimechoka. Tarehe 1 Aprili 1920 reli za dola zote ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, Deutsche Reichsbahn. Shirika hilo jipya lilirithi zaidi ya aina 200 za injini. Fundi wa Leipzig aliyelelewa na injini za Saxony alipoletewa injini ya Bavaria ilikuwa kama kuletewa mgeni asiyejua lugha yake: bolti hazilingani, vipuri havipatikani.

Injini za umoja

Kutokana na shida hiyo likatokea wazo la Einheitslokomotive. Einheit ni umoja, na pia ni kizio cha kupimia. Injini mpya zingebuniwa kwa pamoja kwa ajili ya nchi nzima, zikitumia vipimo vilevile, ili kipuri kilichotengenezwa kiwanda kimoja kikubali kwenye injini iliyojengwa kiwanda kingine. Mkuu wa kazi ya ubunifu alikuwa Richard Paul Wagner, na katika uongozi wake injini ya kwanza kubwa ya abiria, aina ya 01, ilitoka katikati ya miaka ya 1920. Kila injini ilipewa namba ya mpango mmoja. Aina za 80 hadi 96 zilitengwa kwa injini za mizigo zinazobeba maji yake zenyewe. Kwa hiyo ukisoma 80 030 unajua ni injini ya 30 ya aina ya 80.

Aina hiyo ya 80 ndiyo shabaha ya makala yetu. Zilijengwa 39 tu, nyingi zikitoka viwandani mwaka 1927 na 1928. Ilikuwa na ekseli tatu, zote zikivuta. Magurudumu yake yalikuwa na kipenyo cha milimita 1,100, mvuke wa boila ulifikia baa 14, na mwendo wake mkubwa ulikuwa kilomita 45 kwa saa. Ilibeba maji meta za ujazo 5 na makaa tani 2. Ilikusudiwa stesheni kubwa za abiria, hasa Leipzig na Köln. Stesheni kuu ya Leipzig, iliyokamilika mwaka 1915, ni ya mwisho wa njia: msafara huingia kichwa mbele na hauwezi kutokea upande wa pili. Lazima ije injini nyingine iyavute mabehewa kwa nyuma ili injini iliyoyaleta ipate kutoka. Katika stesheni ya namna hiyo injini ndogo ndiyo ufunguo wa mlango.

Aina ya 80 ilikuwa na ndugu zake. Aina ya 81 yenye ekseli nne zilijengwa 10 mwaka 1928. Aina ya 87 yenye ekseli tano zilijengwa 16 kwa ajili ya bandari ya Hamburg. Huko njia zina kona kali, na ekseli ya kwanza na ya mwisho ziliendeshwa kwa gia ili ziweze kusogea pembeni kidogo kwenye kona. Aina zote tatu zilikuwa na magurudumu ya kipimo kimoja. Huo ndio uliokuwa usanifishaji wenyewe: injini fupi, ya kati na ndefu, vipuri vya ukoo mmoja. Baadaye, kati ya mwaka 1934 na 1938, zikaongezwa 10 za aina ya 89, nyepesi zaidi.

Kwa nini zilikuwa chache?

Tukijumlisha 39, 10, 16 na 10, tunapata injini 75. Nchi nzima, yenye maelfu ya stesheni na yadi, ilipata injini sanifu 75 tu za kupangia mabehewa kabla ya vita vya pili. Linganisheni na zile 1,236 za T 16.1 peke yake. Je, injini mpya zilikuwa mbaya? Hapana. Sababu ni nyingine, na tunaziona tatu.

Kwanza, kila injini mpya ya safari ndefu ilipoingia kazini, injini ya zamani iliachwa bila kazi, lakini bado ilikuwa na nguvu ya kusukuma mabehewa yadini. Injini ya kupangia mabehewa ikapatikana bila kununuliwa. Mhasibu gani angekubali kulipia mpya?

Pili, mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Tangu mwaka 1924 shirika la reli lilikuwa limewekewa jukumu la kuchangia malipo ya fidia za vita. Mizigo ilipopungua, maagizo yalikatwa.

Tatu, kazi yenyewe ilikuwa inabadilika. Kuanzia miaka ya 1930 stesheni ndogo zilianza kupewa vijiinjini vya mafuta ambavyo mfanyakazi mmoja aliweza kuviwasha na kuviendesha bila mchochea moto. Injini ya mvuke huhitaji saa kadhaa ili ipate moto, na hula makaa hata ikiwa imesimama.

Lipo na jambo la nne, la kiufundi. Injini sanifu zilipewa chombo cha kuupasha mvuke upya baada ya kutoka kwenye boila, ili utumike vizuri zaidi. Kwa injini ya safari ndefu hiyo ni faida kubwa. Lakini injini ya yadini huvuta kwa nusu dakika, ikasimama, ikasukuma, ikasimama tena. Chombo hicho hakipati nafasi ya kushika moto sawasawa. Ndiyo maana katika aina ya 89 zilijengwa injini zenye chombo hicho na zisizo nacho, zilinganishwe. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya safari za mbali ilibidi ijaribiwe upya stesheni.

Watu waliokuwa chini ya mabehewa

Tusizungumzie vyuma tukasahau watu. Mabehewa ya Ulaya huunganishwa kwa ndoano na mnyororo wa kukaza kwa skrubu, na kila pembe ya behewa ina bafa la kupokea mshindo. Mfanyakazi aliingia katikati ya mabehewa mawili, akainama chini ya bafa, akainua mnyororo na kuukaza. Injini ikisogea kabla ya ishara, hakuwa na pa kukimbilia. Kazi hiyo ilifanyika usiku, mvuani na thelujini. Dereva aliyeona vizuri pande zote mbili, na breki iliyoshika papo hapo, vilikuwa uhai wa mtu. Kwa hiyo tunaposema injini fulani ilikuwa na dirisha zuri la nyuma, hatusemi habari ya urembo.

Tena tunalazimika kusema lililo zito zaidi. Katika utawala wa Hitler, reli hizohizo zilitumika kuwasafirisha Wayahudi na watu wengine kwenda kwenye kambi za mauaji. Misafara ile nayo ilipangwa behewa kwa behewa, kwa ratiba na kwa hati, kama mizigo mingine. Sisi wa eneo hili la Maziwa Makuu tunajua kwamba maovu makubwa huhitaji pia mikono ya watu wanaosema "nilikuwa nafanya kazi yangu tu". Historia ya reli ya Ujerumani isiyotaja jambo hilo haijakamilika.

Baada ya vita

Ujerumani ilipogawanyika, injini za aina ya 80 nazo ziligawanyika: 17 zilibaki Magharibi na 22 Mashariki. Magharibi ziliondolewa katika huduma ya shirika la reli hadi mwaka 1965, na Mashariki hadi mwaka 1968. Chache ziliuzwa kwa migodi ya makaa ya mawe, zikaendelea kufanya kazi huko hadi miaka ya 1970. Shirika la Magharibi lilijenga aina nyingine mpya ya mvuke, ya 82, injini 41 kati ya mwaka 1950 na 1955, lakini mwaka huohuo wa 1955 zilianza kutoka injini za dizeli za V 60, ambazo zilipita 900. Aina ya 82 yote ilikuwa imestaafu kufikia mwaka 1972.

Na yule mzee wa Prussia, T 16.1? Huyo alibaki katika kazi ya shirika la Magharibi hadi mwaka 1974. Injini iliyobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilizidi umri wa kazi wa injini zilizokusudiwa kuchukua nafasi ya kizazi chake, na hata ya 82 iliyokuja baada ya vita vya pili.

Leo aina ya 80 inaweza kuonekana katika majumba ya makumbusho ya reli, kwa mfano Bochum-Dahlhausen na Neuenmarkt. Wengi zaidi wanaijua kama kichezeo. Kampuni kama Märklin zilitengeneza mifano midogo ya aina ya 80 na ya 89, nayo ikaenea majumbani. Injini iliyokuwa adimu relini ikawa ya kawaida sakafuni mwa watoto.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna hata moja iliyofika. Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam, iliyofika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, ina upana wa meta moja, na ya Ujerumani ni milimita 1,435. Isitoshe, aina ya 80 ilipozaliwa Wajerumani walikwisha kuondoka. Kilichobaki kwao katika lugha yetu ni maneno machache kama shule na hela.

Funzo kwa walimu wa Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1928, wakati injini za aina ya 80 zinatoka viwandani, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Hatudai kwamba mambo haya mawili yalihusiana. Zilikuwa ni zama zilizoamini kwamba kamati ikikaa na kupima vizuri, tofauti zitakwisha.

Tofauti hazikwisha, si relini wala katika lugha. Tunaona mambo mawili ya kujifunza.

La kwanza: kinachoitwa cha zamani mara nyingi ndicho kinachofanya kazi. T 3 yenyewe ilikuwa sanifu ya Prussia kabla ya kuitwa kitu cha kale cha jimbo. Kiunguja nacho kilikuwa lahaja miongoni mwa lahaja kabla ya kupewa cheo. Mwalimu anayemkaripia mwanafunzi wa Bujumbura au wa Bukavu kwa Kiswahili cha mtaani kwake, kana kwamba ni takataka, anasahau kwamba Kiswahili hicho ndicho kilichofanya kazi ya sokoni na bandarini kila siku, wakati vitabu vya sanifu vilikuwa bado havijafika. Kazi yetu ni kumwongezea mwanafunzi njia nyingine, bila kuing'oa reli aliyokuja nayo.

La pili: faida ya usanifishaji iko katika kulinganisha vipimo. Bolti inayokubali Leipzig ikubali na Hamburg. Istilahi nayo ina faida ikiwa mwalimu wa Bujumbura, wa Kampala na wa Dodoma wataelewana wakiitumia. Lakini bolti hupimwa kwa kufungwa, na istilahi hupimwa mdomoni mwa mfanyakazi. Neno litakalotungwa mezani bila kuuliza watu wa yadini linaweza kuwa zuri kama aina ya 80, na likabaki chache kama hiyo.

Kwa hiyo katika darasa letu tumekubaliana kutumia kwa sasa "injini ya kupangia mabehewa". Ni maelezo kuliko jina, nasi tunalijua hilo. Likizo ijayo wanafunzi watatu wanaotoka upande wa ziwa wamejitolea kwenda stesheni ya Kigoma kuwauliza wafanyakazi wa reli wao wenyewe husemaje. Tumewapa daftari moja na agizo moja: waandike kila wanachoambiwa, hata kama hakimo katika kamusi. Wasomaji wetu walio karibu na stesheni za Tabora, Mombasa, Kampala au Kalemie, tunawaomba nanyi mfanye vivyo hivyo, mtuletee maneno hayo. Tutayapanga hapa, moja baada ya jingine, katika toleo lijalo.